Nyundo ya Pili

Ukitaka kuzungumza na Injinia, ilikupasa kwanza uhamie upande wake wa kulia. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa tangu ujana, katika kazi ya baruti, na la kulia lilipokea sauti nzito kuliko nyembamba, hivi kwamba wanaume aliwasikia kwa shida na wanawake kwa bahati. Wageni hawakulijua jambo hilo. Walimsalimu kwa kushoto, wakaona hajibu, wakaondoka wakisema mzee yule ana kiburi. Kiburi alikuwa nacho kweli, lakini si hicho.

Nyumba yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilikuwa ya tatu kutoka kwangu, ya matofali ya udongo kama zetu zote, ila yeye alichora kwa chokaa mstari mnyoofu kuzunguka kuta, kimo cha goti, na kila mvua ilipoufuta aliuchora upya kwa kamba na timazi. Mkewe alisema mstari ule unamgharimu zaidi ya paa. Nilikuwa nimefika kutoka Bukavu na diploma ya ualimu na begi moja, nikapewa darasa la hesabu katika shule ya kambini. Siku ya kwanza aliposikia ninachofundisha, alikuja mlangoni, akaomba kuona daftari langu la maandalizi, akalisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Unafundisha vizuri," alisema. "Lakini unapenda majibu mazuri kupita kiasi."

Nilichukia. Baadaye sana nilitambua kwamba ndilo jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu.

Kazi aliyoifanya kabla ya vita vilivyotukimbiza haikufahamika vyema kwa majirani. Wengine walidhani alijenga barabara, wengine kwamba alichimba dhahabu. Kwa miaka mingi alikuwa ameajiriwa na watu wanaotafuta mafuta chini ya bahari. Meli huvuta kamba ndefu zenye vinasa mtetemo, hupiga maji kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtetemo hushuka hadi kwenye miamba, hugonga, hurudi. Kutokana na muda wa kurudi kwake, mtu aliyefunzwa huchora miamba ambayo hakuna jicho lililoiona. Tatizo ni pale meli mbili zinapofanya kazi katika bahari moja, zikipiga kwa wakati mmoja bila kungojana. Kila moja hunasa sauti yake na sauti ya mwenzake, na karatasi hujaa michoro iliyopandana. Injinia alilipwa kutenganisha sauti hizo mbili. Hakuwa mtu wa melini. Alikaa ofisini, mbele ya mashine, akiondoa kelele.

Aliwahi kuja darasani kwangu kuwaeleza wanafunzi. Alimsimamisha msichana mmoja mbele, akamwambia ataje jina lake kila Injinia anapoinua kidole. Kisha akamweka mvulana nyuma, akamwambia apige kelele wakati wowote anaotaka. Darasa zima lilitakiwa kusikiliza mara ishirini. Mwishoni akauliza wamesikia nini. Jina la msichana walilijua wote. Kelele za mvulana hakuna aliyeweza kueleza zilikuja lini.

"Kijana huyu ana sauti kubwa kuliko dada yenu," alisema. "Mbona amepotea? Amepotea kwa sababu hana saa. Leo anakuja mapema, kesho anachelewa. Ukijumlisha mara ishirini, anajifuta mwenyewe." Kisha akamgeukia mvulana. "Sasa wewe piga kelele kila dada akimaliza jina. Mara moja tu, pale pale, kila safari."

Wakarudia. Baada ya mara ishirini, darasa lilisikia jina jipya lenye mkia.

"Mmeona?" alisema Injinia. "Akishapata saa, si kelele tena. Amekuwa mwamba. Na mimi nitamchora kwenye ramani, na nitakula kiapo kwamba yupo."

Alikuwa mvumilivu kwa mitetemo na mkali kwa watu. Redio za kambi nzima alizitengeneza bure, na kila mwenye redio aliondoka na tusi lake la haki: umeimwagia chai, umeifungua kwa kisu, we unafikiri hii ni kuku? Chumvi ya mkewe aliipima kwa macho kabla haijaingia chunguni. Kanisani alikaa benchi la mbele kabisa, karibu na ngoma, ingawa mahubiri hayakumfikia. Nilipomuuliza anafuata nini huko, alisema ngoma inapanda kwenye mbao za benchi na kuingia mgongoni, na hilo linamtosha kwa Jumapili moja. Alichukia kusaidiwa. Ukimshika mkono kwenye matope aliutoa kama aliyeungua.

Karibu kila mwezi alivaa koti lake la kijivu, akaweka vyeti vyake ndani ya mfuko wa plastiki, akasafiri hadi Lilongwe, kwenye ofisi za serikali za Capital Hill, kuomba ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ilitutaka tukae kambini. Yeye aliamini kuna afisa mmoja, nyuma ya mlango mmoja, ambaye angesoma vyeti vile na kuelewa. Aliambiwa zikomo, bambo, asante baba, rudi mwezi ujao. Alirudi mwezi ujao. Jioni tulimwona akishuka kutoka kabaza, baiskeli imemleta kutoka barabarani, mfuko ameukumbatia kifuani.

"Papa Injinia!" jirani mmoja fundi cherehani alimpigia kelele, upande wa kulia. "Leo bamekupa ofisi?"

"Bamenipa kiti," alijibu. "Kiti ya kungojea. Nzuri sana, iko na sponji."

Tulicheka, naye alicheka, kisha akaingia ndani na hakutoka siku mbili.

Sasa niseme habari ya maji, kwa kuwa ndiyo iliyomfanya awe alivyokuwa mwishoni.

Sehemu mpya ya kambi, ile ya juu, haikuwa na kisima. Wanawake wa huko walishuka hadi kisima chetu, wakapanga madumu tangu asubuhi, na kiangazi pampu ilipokohoa hewa walikwenda kijitoni kuchota maji yenye rangi ya chai. Watoto wao waliharisha, wengine tuliwazika. Shirika moja la misaada likakubali kuchimba kisima kimoja. Kimoja tu, kwa sababu mtambo wa kuchimbia ulikuwa njiani kuelekea wilaya nyingine na ungesimama kwetu siku chache. Ilibidi mahali pachaguliwe barabara. Mpimaji mmoja Mmalawi, aliyekutana na Injinia katika korido za Capital Hill na ambaye alimwita madala, yaani mzee, kwa heshima ya kweli, aliazima mashine mbili kuukuu za kupimia mitetemo, akazileta kwa gari lake. Alikuwa nazo kwa siku moja.

Sijawahi kumwona binadamu mwenye furaha kama Injinia juma lile. Hakumtukana mtu. Alinyoa.

Tulitandaza laini mbili, kila moja na vinasa mtetemo vyake vilivyochomekwa ardhini na mashine yake. Laini ya kwanza, aliyoisimamia yeye, ilipita karibu na kichuguu kikubwa. Ya pili, yangu, ilikuwa nyuma ya mwinuko, mbali kiasi cha viwanja viwili vya mpira. Badala ya hewa iliyoshindiliwa tulikuwa na nyundo nzito na bamba la chuma. Mtu anapiga bamba, mashine inaanza kunasa. Anapiga tena na tena mahali pale pale, na mashine inajumlisha. Mashine zile za kizamani hazikuhifadhi pigo moja moja. Zilihifadhi jumla peke yake.

Hatukuwa na simu za upepo, na hatukuonana. Kupeana zamu kwa kutuma mtu akimbie juu ya mwinuko kungekula siku nzima. Kwa hiyo tungepiga kwa wakati mmoja, kama meli zake mbili. Kilichohitajika ni upande mmoja usiwe na mwendo. Usiku wa kuamkia siku ya kupima Injinia alikaa mezani akirusha dadu ya ludo na kuandika: ngoja hesabu tatu, ngoja moja, ngoja sita, ngoja mbili. Orodha hiyo alinipa mimi. Watu wake wangepiga watakavyo. Sisi tungefuata dadu.

"Usiwasikilize wa kwangu," alisema. "Ukisikia nyundo yangu, jifanye kiziwi. Mimi nitakufundisha, nina uzoefu." Akacheka. Kisha akanipa daftari lenye safu mbili. "Huku kilichotakiwa. Huku kilichofanyika. Wakikosea, andika walivyokosea. Kosa nikilijua naweza kulitoa. Nisilolijua litakaa."

Wapiga nyundo wangu walikuwa Warundi wawili, wafyatua matofali, wanaume wenye mabega. Nilisoma orodha, nikahesabu, nikasema piga. Kwa saa mbili walivumilia.

"Mama Mwalimu," mkubwa wao alisema akijifuta jasho, "weye unatuchezea. Mara tatu, mara moja, mara sita. Hii ni kazi ao ni kichaa?"

"Ni kazi."

"Kazi iko na mwendo wake. Hii haina mwendo. Mgongo wangu haujui nitapiga saa gani."

"Mgongo wako usijue. Ndivyo anavyotaka Injinia."

"Yeye anapiga?"

Jua lilikuwa kali. Wanawake wa sehemu ya juu walikuwa wamekuja kututazama, wamekaa juu ya madumu yao. Ndipo upepo ulipotuletea wimbo kutoka nyuma ya mwinuko. Wapiga nyundo wa Injinia walikuwa vijana wa kwaya, na walikuwa wameanza kuimba, nyundo yao ikianguka mwisho wa kila mstari. Yule Mrundi alisikiliza kidogo. Nyundo ya wenzake ilipoanguka, akaangusha yake, pale pale nyuma yake. Ikaanguka tena, akaijibu tena. Mtu yeyote aliyelelewa kwenye uwanja wenye kinu anajua kilichotokea: michi miwili katika kinu kimoja, mmoja unapanda mwingine unashuka, na mikono haiwezi kukosea hata ikitaka. Wanawake walipiga vigelegele. Mmoja akaanza kuitikia wimbo, kisha wote.

"Sasa njo kazi, hii ndiyo!" Mrundi alipiga kelele.

Niliikunja orodha nikaiweka pajani. Nilijua sheria, niliijua kwa jinsi ambavyo mwalimu wa hesabu anaijua, yaani ningeweza kuiandika ubaoni. Lakini watu waliochoka walikuwa wamefurahi, na nilikuwa mmoja wao. Tulipiga vituo vyote vilivyobaki namna ile. Tulimaliza mapema. Kisha nikafungua daftari, na katika safu ya kilichofanyika nikanakili namba za dadu, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Sikuona kama ni uongo. Niliona ni kulipanga daftari.

Na Injinia, kule kwake? Aliinama juu ya mashine, upepo ukivuma, akitazama jumla ikikua. Ngoma ya kanisani ilimfikia kwa mbao. Ardhi haikumpa neema hiyo.

Kesho yake aliniita. Alikuwa amechora. Kwenye laini yake, katikati, penye kichuguu, mwamba mgumu ulionekana kuzama ghafla, na juu yake kukawa na unene mkubwa wa mwamba uliooza, ule unaoshika maji. Kwenye laini yangu nako kulikuwa na bonde, ila dogo zaidi. Alinyoosha mkono, nikampa daftari. Alipitisha kidole kwenye safu ya pili hadi chini.

"Ulifuata?"

"Nilifuata, Papa."

Akaweka sahihi yake chini ya mchoro, kwa jina lake kamili na cheo chake cha zamani.

Mtambo ulichimba penye kichuguu. Mamia ya watu walisimama na ndoo. Baada ya mita chache chuma kiligonga jiwe zima, na tangu hapo kilichotoka ni vumbi, jeupe, laini kama unga wa nsima, ugali wa huku. Walichimba siku ya pili kwa sababu Injinia aliwasihi. Vumbi. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele kwenye laini yangu walisimama wamefunikwa na unga ule hadi kope. Jioni mtambo ulifungwa kwenye lori ukaenda zake.

Siku hiyo alipata jina lililobaki naye: Injinia wa Vumbi. Watoto walimwimbia kwa kushoto, wakidhani hasikii, naye aliwaona midomo. Shirika lilimwambia mpimaji asimlete tena mtu yule. Redio ziliacha kuletwa. Mkewe ndiye aliyeubeba mzigo mkubwa, maana alipaswa kusimama foleni ya maji pamoja na wanawake wa juu, nao walimuuliza kila siku kwa nini haendi kuchota kwenye kisima cha mume wake. Mama yule hakujibu hata mara moja. Nilikuwa foleni hiyo hiyo, nyuma yake kwa watu wanne au watano.

Mwezi uliofuata nilipata nafasi katika chuo cha ualimu Lilongwe, pamoja na kibali cha kuishi nje ya kambi. Barua ya kunipendekeza alikuwa ameiandika Injinia. Nilisoma, nikapata kazi ya kufundisha upande wa Likuni, nikaolewa, nikaanza kuzungumza Kichewa na watoto wangu. Kila Krismasi nilirudi Dzaleka na kumpelekea kilo mbili za sukari na sabuni. Tulikaa mlangoni, nikamweleza habari za shule. Mstari wa chokaa ulikuwa umefutika, hakuuchora tena. Mkewe alifariki mwaka mmoja wa mvua nyingi, kwa homa ya tumbo, nami nilifika baada ya maziko. Miaka ilipita kumi na zaidi, na sikusema.

Mara ya mwisho nilikwenda Agosti, bila sukari. Nilikuwa nimesikia kwamba ameacha kula. Nilimkuta kitandani, amekonda, koti la kijivu amelivaa juu ya shuka. Nilivuta kigoda upande wa kulia, nikaanza kusema kabla ya salamu kuisha, kwa sababu nilijijua. Nilisema yote: wimbo, Mrundi, orodha pajani, safu ya pili. Ilinibidi nipaaze sauti, na mara mbili aliniambia rudia. Nilirudia.

Kisha akazungumza Kiswahili cha nyumbani, ambacho kwangu hakuwahi kukitumia. Sikuzote alinisemesha kama mtu anayesahihisha mtihani.

"Nilijua," alisema. "Juma haikuisha. Bale bavijana ba kwaya balikuja kujisifu. 'Papa, tuliimba na bale ba ng'ambo, bakatujibu vizuri!' Nikakaa pale nikachora upya. Ile shimo yangu ilikuwa nyundo yako."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Karatasi yako ya kutoka kambi ilikuwa kwa meza ya bale bale ba shirika. Ningesema daftari ni ya uongo, bangeuliza ya nani." Alipumua. "Lakini nilienda. Mara mbili. Nikabaambia: mwamba wangu ni bure, chimbeni kwa laini ya pili. Laini yako ilikuwa safi, we hujui? Nyundo yetu ilitangulia, ilikuwa imeshapita wakati yenu inaanza. Maji iko kwako. Bakaniuliza: sababu gani, mzee? Mi sina sababu ya kutoa. Bakacheka."

"Usifikiri nilikusamehe," akaendelea. "Sikukusamehe hata siku moja. Nilikupima wewe kwa huku, nikapima bale bote kwa huku, nikachagua. Na mi mwenyewe nilichagua mubaya. Batoto ngapi? Kila Noeli unakuja, mi nasema moyoni, leo njo leo. Unaanza habari ya shule."

Kisha akataka kuinuka. Nilimshika mkono na hakuutoa. Tulikwenda polepole, tukipumzika, hadi nyuma ya mwinuko. Sikupatambua. Mahali laini yangu ilipopita palikuwa pamejaa nyumba za watu waliofika miaka ya karibuni, mlango kwa mlango, na nyuma ya kila nyumba choo cha shimo kimezungushiwa plastiki. Injinia alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe fulani, akasimama kati ya vyoo viwili.

"Hapa," alisema. "Hata bakichimba leo, hakuna mutu wa kuyanywa."

Mwanamke alitoka nyumba ya karibu, mtoto mgongoni, madumu mawili matupu mkononi. Alitutazama kwa mashaka, kama inavyostahili kuwatazama watu wawili wanaokagua choo chako.

"Munatafuta nani?"

"Hakuna," Injinia alianza. "Tunapita tu."

"Mama," nikasema, "tunaomba dakika moja." Na nikamweleza, mtu ambaye hakuwapo, ambaye labda siku ile alikuwa bado msichana huko Uvira au Bujumbura. Nilimweleza kwamba mzee huyu hakukosea, kwamba waliomwita wa Vumbi walidanganywa, na aliyewadanganya ni mimi. Nilimweleza kilichokuwa chini ya miguu yake na kwa nini hakikutolewa. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Chini hapa?" akauliza.

"Chini hapa."

Alitazama ardhi, kisha choo, kisha akanitazama viatu.

"Na sasa unaniambia mi ya nini?"

Nilitafuta jibu, na kila nililolipata lilikuwa zuri kupita kiasi. Alingoja kwa adabu. Alipoona sina, akauliza kama kuna lingine, nikasema hakuna. Akakaza kitenge cha mtoto, akainua madumu yake, akashika njia ya kwenda kisima cha chini, na kwa muda mrefu tuliweza kumwona akishuka.